Uzuri wa Mkakasi

Sina ugomvi na bampa lenye mkwaruzo. Ugomvi wangu ni na bampa linalong'aa, hasa likiwa kwenye gari lililotembea miaka kumi na mitano katika nchi mbili. Gari la umri huo limekwisha kugeuzwa kwenye maegesho finyu, limepakiwa melini na kuteremshwa bandarini, limeguswa na pikipiki kwenye foleni na kubanwa na daladala kituoni. Likija mbele yetu na uso wa kijana aliyetoka jandoni, hapana budi tujiulize ni nani aliyelipaka, alilipaka lini, na alikuwa anaficha nini.

Wahenga walilisema jambo hili kabla mtu yeyote wa pwani hii hajaona gari: uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Mkakasi ni kile chombo kidogo kilichotiwa nakshi, cha kupendeza machoni, ambacho ukiondoa nakshi yake unabaki na kigogo tu. Methali hiyo tunawafundisha watoto wetu shuleni, nao wanaiandika vizuri kwenye mitihani. Kisha baba zao tunakwenda yadi ya magari siku ya Jumamosi, tunazunguka gari mara mbili, tunapitisha kiganja juu ya rangi, na kusema, "Hili zima."

Hoja yangu ni fupi. Kutengeneza bampa la plastiki ni kazi inayoanzia nyuma ya bampa na kuishia mbele yake. Rangi ndiyo hatua ya mwisho, nayo ni ndogo kuliko zote. Sisi wenye magari tumeigeuza kazi hiyo miguu juu. Tunalipia rangi, tunapunja ufundi, kisha tunalalamika kwamba mafundi ni waongo. Fundi hauzi asichoulizwa. Uongo ulio kwenye mabampa yetu tumeuagiza sisi wenyewe, na malipo ya awali tumetoa.

Tuanze na kitu chenyewe. Kile tunachokiita bampa, yaani ile plastiki inayoonekana, ni vazi tu. Nyuma yake, katika magari mengi ya siku hizi, kuna sponji ngumu ya kupunguza nguvu ya pigo, na nyuma ya sponji kuna mhimili, aghalabu wa chuma, uliofungwa kwa bolti kwenye ncha za chesi. Gari likigonga, plastiki hubonyea, sponji husagika, mhimili hupinda, na kwa njia hiyo pigo hupungua kabla halijafika kwenye rejeta, kwenye injini na hatimaye kwenye magoti ya dereva. Vitu vitatu, na kila kimoja kina kazi yake. Sisi tunakiangalia kimoja tu, tena kile kilicho dhaifu kuliko vyote.

Haikuwa hivyo zamani. Peugeot 404 iliyokuwa ikipita barabara zetu za vumbi ilikuwa na bampa la chuma lililong'arishwa, na likipinda fundi alilifungua, akalilaza juu ya fuawe, akalipiga nyundo mpaka likarudi. Ufundi ule ulikuwa wazi. Pigo la nyundo halifichiki. Plastiki ilikuja polepole. Mwaka 1954 Mwitaliano Giulio Natta alifanikiwa kuitengeneza ile plastiki iitwayo polipropilini kwa namna iliyoweza kutumika viwandani, na mwaka 1963 alipewa Tuzo ya Nobel ya kemia pamoja na Mjerumani Karl Ziegler. Mwaka 1972 Wafaransa walitoa Renault 5 yenye mabampa ya plastiki, ingawa ile yao ilikuwa ya aina nyingine. Leo mabampa mengi ya magari tunayoletewa kutoka Japani ni polipropilini iliyochanganywa na mpira kidogo na unga wa jiwe laini. Usiniamini kwa maneno matupu. Lifungue bampa, ligeuze, utazame upande wa ndani. Mara nyingi utakuta herufi PP zimepigwa mhuri kwenye plastiki yenyewe, pengine zikifuatwa na nyingine.

Kazi ya bampa nayo haina siri. Nchini Marekani magari ya mwaka 1973 yalitakiwa kisheria kustahimili pigo la mbele la mwendo wa maili 5 kwa saa, yaani kilomita 8, bila taa na vyombo vingine vya usalama kuharibika. Mwaka 1982 serikali ya huko ilipunguza kipimo hicho hadi maili 2.5. Wapo waliofurahi na wapo waliokasirika, lakini wote walijua wanabishania nini: bampa ni la kugongwa. Limewekwa pale lipate aibu ili gari lisipate hasara. Tukilidai libaki bikira kwa miaka kumi na mitano tunalidai lisifanye kazi yake.

Nani aliyetuletea kiu hii ya mng'aro? Nadhani ni mtindo wa kulipaka bampa rangi moja na mwili wa gari, ulioenea kadiri miaka ya 1990 ilivyosonga. Kabla yake magari mengi madogo na pikapu zilikuwa na mabampa meusi ya plastiki isiyopakwa kitu. Mkwaruzo juu ya bampa jeusi haukumshtua mtu, na uliofifia ulipakwa kiwi au mafuta kidogo, ukasahaulika. Walipolivika bampa rangi ya boneti waliligeuza kutoka kiatu kuwa kilemba. Tangu hapo kila jiwe dogo la barabarani ni msiba, na penye msiba hapakosi mfanyabiashara.

Sasa tuseme bampa limebonyea. Limegonga nguzo ya geti, limeingia ndani kama bakuli, lakini halikupasuka. Dawa yake iko jikoni. Safisha bampa kwa maji na sabuni. Chemsha maji, uyamwage juu ya mbonyeo polepole, mfululizo, mpaka plastiki ilainike. Kisha pitisha mkono nyuma, ukiwa umevaa glavu, usukume. Ukisikia limeitika, mwagia maji baridi papo hapo ili lishike umbo. Plastiki hiyo ilizaliwa katika kalibu, na ikipata joto la kutosha hupenda kurudi kwenye umbo la kuzaliwa kwake. Polipropilini huyeyuka kwenye nyuzi zipatazo 160. Maji yanayochemka hayawezi kupita nyuzi 100, kwa hiyo hayawezi kuiunguza. Maji yana adabu ambayo moto wa gesi hauna. Mkazi wa Nairobi au Mbeya, miji iliyo juu sana kutoka usawa wa bahari, ajue kwamba maji yake huchemka kwenye nyuzi kama 94 tu, basi awe na subira na birika la pili. Kazi nzima haichukui saa moja wala haihitaji tone la rangi.

Ikiwa bampa limepasuka, kazi ni ndefu zaidi, lakini haina uchawi. Ufa husimamishwa kwa kutoboa tundu dogo kwenye ncha yake, usije ukaendelea kutembea. Kisha fundi hugeuza bampa, huchimba mfereji kando ya ufa kwa upande wa nyuma, na kuulehemu kwa chuma cha moto pamoja na utepe wa plastiki ya aina ileile, uliokatwa kwenye bampa bovu. Wengine huzamisha wavu wa waya ndani ya plastiki iliyoyeyuka, ushike kama nondo ndani ya zege. Jambo kubwa hapa ni hiyo "aina ileile". Polipropilini hailehemiki na plastiki nyingine, kama mafuta yasivyokubali maji. Ndiyo maana zile herufi za mhuri ni muhimu kuliko jina la kiwanda lililo mbele ya gari.

Hiyo ndiyo kazi. Nimewahi kuona mafundi wanaoiweza, Gerezani hapa Dar es Salaam, wakiifanya chini ya mwembe kwa ustadi ambao ungemtosha mtu kuheshimiwa popote duniani. Lakini waulize ni wateja wangapi wanaoilipia. Mteja wa kawaida hufika na maneno mawili: "Jioni nalichukua," na "Nataka ling'ae." Kwa maneno hayo mawili amekwisha kuamua aina ya kazi atakayopata.

Atapata puti. Mbonyeo utajazwa puti ileile ya mabati, utapigwa msasa, utapakwa rangi, na jioni gari litang'aa kweli. Puti hiyo ikikauka huwa ngumu kama kigae. Plastiki iliyo chini yake hupinda, hutetemeka, hutanuka juani mchana na kusinyaa usiku. Kigumu kikipakwa juu ya kinachopinda, kimoja lazima kiachie. Tena uso wa polipropilini haushikwi na kitu kwa urahisi. Bila kusafishwa vizuri na kupakwa praima maalumu ya plastiki, rangi hukaa juu yake kama mgeni asiyetandikiwa kitanda. Baada ya miezi michache hutoka kwa vipande, na pengine hutoka kwa nguvu ya maji ya muosha magari. Wakati huo aliyelipa ameshauza gari. Anayebaki ameshika kigae ni mnunuzi.

Wapo watakaosema: ni plastiki tu, mbona unakuza mambo? Hapo ndipo nisipokubali kupisha. Nimeona gari dogo, safi machoni, lililokuwa likitafutiwa mnunuzi. Bampa lake la mbele lilikuwa linapendeza kuliko gari zima. Mnunuzi mmoja mbishi alishikilia lifunguliwe. Mahali pa sponji palikuwa na kipande cha ubao, kimebanwa ili plastiki isilegee, na mhimili wa chuma ulikuwa umepinda na kuachwa hivyo hivyo. Ubao, ndugu msomaji. Kipande cha mti, kama wahenga walivyosema, neno kwa neno. Aliyelipaka rangi lile bampa hakufanya kosa la urembo. Aliweka mtego, na waliotegwa ni watu wenye watoto ambao wangekaa kiti cha mbele.

Hatari hiyo inakua. Magari yanayoingia sasa, hata yale yaliyokwisha kutumika, mengine yana rada zilizofichwa nyuma ya bampa au sho: ya mbele huangalia gari linalotangulia na kusaidia kufunga breki, zile za pembe za nyuma huangalia kule dereva asikoona. Rada hizo huona kupitia plastiki. Watengenezaji wengi hukataza puti mbele yake, na huonya juu ya kurundika rangi tabaka juu ya tabaka. Kwa hiyo yule anayejaza puti kwenye pembe ya bampa la nyuma anaweza kuwa analitia gari mtoto wa jicho. Dereva atakuwa na imani na kitu ambacho hakioni tena.

Tena yuko mtu mwingine anayelipia mng'aro wetu, na huyu hatumtaji kabisa. Ni kijana anayeshika bunduki ya rangi. Rangi nyingi za magari zinazochanganywa na dawa ya kukaushia zina kemikali ziitwazo isosayaneti, zinazojulikana duniani kote kuwaletea wapiga rangi pumu, pumu ambayo pengine humfukuza mtu kazini maisha yake yote. Kitambaa kilichofungwa puani hakizuii mvuke huo. Panatakiwa barakoa maalumu na hewa safi. Vijana wetu wengi wana kitambaa, au hawana hata hicho. Ningeweza kuvumilia hatari hiyo kwa kazi isiyoepukika. Lakini kuvuta sumu ili mkwaruzo wa urefu wa kidole usionekane kwenye bampa la mtu anayekwenda harusini? Hapana.

Wauzaji wana utetezi wao, nao nausikiliza. Wanasema gari lisilong'aa halinunuliwi. Ni kweli, na aibu hiyo ni ya wanunuzi. Lakini tuangalie gari hilohilo lilikotoka. Katika minada ya magari ya Japani, gari hukaguliwa na kuandikiwa karatasi yenye mchoro wa mwili wake, na kila kasoro hutiwa alama mahali pake. Herufi A ni mkwaruzo, U ni mbonyeo, W ni mahali palipokwisha kunyooshwa na kupakwa, X ni kitu kinachotakiwa kubadilishwa, na XX ni kilichokwisha kubadilishwa. Namba hufuata kueleza ukubwa. Gari lililopata ajali likatengenezwa hupewa daraja la R. Mjapani hununua gari lenye A mbili na U moja bila kuona haya, kwa sababu bei imelingana na habari.

Gari hilo hupanda meli na ukweli wake wote umeandikwa. Je, karatasi ile huishia wapi? Mara ngapi mnunuzi wa mwisho, pale yadini, hukabidhiwa? Mara nyingi hukabidhiwa funguo mbili na zulia jipya. Kasoro zilizoandikwa hupakwa rangi, na kilichokuwa habari kinakuwa siri. Hatuwezi kumlaumu Mjapani kwa hilo. Ukweli ulisafiri maelfu ya kilomita ukafika salama, ukafia mikononi mwetu. Nasi hatukosi sheria: Sheria ya Ushindani ya Tanzania ya mwaka 2003 inakataza mfanyabiashara kufanya mambo ya kumpotosha mnunuzi. Kilichokosekana ni mnunuzi anayeuliza.

Utetezi wa pili ni wa umaskini. Wanasema mwananchi hana fedha za bampa jipya, wala za kulehemu, basi apake tu. Lakini maji ya moto ni nafuu kuliko rangi. Kulehemu ufa kwa nyuma na kuuacha bila kupaka ni nafuu kuliko kuujaza puti na kuupaka mara mbili kwa mwaka. Kinachomfilisi mwananchi ni kutaka asionekane maskini, gharama ambayo haina mwisho kwa sababu kila mwaka huja na mkwaruzo wake. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Sisi tumebuni njia ya tatu, tunaupaka ufa chokaa na kuupangisha.

Ndiyo maana naliheshimu bampa lililoshonwa. Mmeliona barabarani: limepasuka, mwenyewe akatoboa matundu pande mbili za ufa, akalishona kwa waya au kwa vibanio vya plastiki, mshono unaonekana kama wa mpira wa zamani. Watu hulicheka. Mimi nalivulia kofia. Bampa hilo linasema: niligongwa hapa, mwenye gari akafanya alichoweza, na wewe unayenitazama unajua lililotokea. Mnunuzi akilikuta atainama mwenyewe kutazama nyuma yake. Halimdanganyi mtu. Kama ningelazimishwa kuchagua kati ya magari mawili ya bei moja, lenye mshono na lenye mng'aro usio na maelezo, ningeanza mazungumzo na mwenye mshono.

Simkatazi mtu kupaka rangi gari lake. Anayependa uzuri na apendeze. Gari ni lake na fedha ni zake. Ninalodai ni mpangilio. Kwanza bampa lifunguliwe, sponji na mhimili vitazamwe, kilichovunjika kibadilishwe. Pili plastiki irudishwe umbo lake kwa joto, na ufa ulehemiwe kwa nyuma kwa plastiki ya aina yake. Tatu, kama fedha zimebaki na moyo bado unataka, ndipo praima ya plastiki na rangi, naye mpiga rangi avae kinachostahili. Mkwaruzo usiofika popote uachwe kama ulivyo. Na siku ya kuuza, muuzaji aseme.

Kwa mnunuzi ninalo ombi jepesi zaidi. Usikipe kiganja chako kazi ya macho. Beba tochi, inama, chungulia kupitia matundu ya bampa, gonga mahali mbalimbali kwa kidole usikilize: plastiki tupu ina sauti yake, na puti nene ina yake. Omba lifunguliwe mbele yako. Vibanio na skrubu zake si vingi. Fundi mzoefu hulitoa bampa kabla chai yako haijapoa. Mwenye gari zima hatakataa. Akikataa, akaanza kukuonyesha redio, mshukuru, mpe mkono, uende zako. Nyumba njema si mlango, na wewe hukwenda pale kununua mlango.